Mlango wa Kituo Ulibaki Wazi: Maneno ya Kufunga Mwaka kwa Watumishi wa Afya

Maneno haya yalitolewa na timu yetu ya uwanja mwishoni mwa Desemba 2025, katika mkutano wa kufunga mwaka wa eneo moja la afya la teritwari ya Lubero, Kivu ya Kaskazini. Walikuwepo wauguzi, wakunga, wajumbe wa afya wa vijiji, viongozi wa wahamishwa wa vita pamoja na viongozi wa familia zilizowapokea.

Baba muuguzi mkuu wa kituo, mama mkunga, wazee wetu wa kijiji, rais wa kambi pamoja na kamati yako, akina mama na akina baba, nanyi wapendwa wajumbe wa afya ambao tumezoea kuwaita rele, mnaotembea kwa miguu kutoka nyumba hadi nyumba: tunawasalimu wote kwa jina la amani.

Tunawashukuru kwa kuja. Tunajua wengine mmeacha mashamba, wengine mmeacha wagonjwa nyumbani, na wengine mmefika hapa bila kula kitu. Mwaka huu hatuna pesa ya usafiri ya kuwapa. Tuliwaambia hivyo mapema, na hata hivyo mmekuja. Kwetu sisi hilo ni neno kubwa kuliko hotuba hii.

Mwaka ulivyokuwa

Mwaka 2025 ulianza vibaya. Mwisho wa mwezi wa Januari vita vilifika Goma. Ndege zikaacha kutua katika uwanja wa Goma, na njia zilizokuwa zikituletea dawa zikakatika. Katika mwezi uleule wa Januari, serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake kwa nchi za nje. Nchini mwetu Marekani ilikuwa mfadhili mkubwa kuliko wote wa misaada ya dharura. Wengi wetu hatukuwahi kufikiri kwamba karatasi iliyotiwa sahihi mbali namna ile inaweza kufunga kabati la dawa hapa mlimani. Sasa tunajua.

Mradi uliokuwa ukilipia matibabu ya wahamishwa ulisimama. Kitu kidogo ambacho watumishi walikuwa wakipata kila mwisho wa mwezi kilikoma. Ninyi wenyewe mnajua hali ya kazi ya afya katika Kongo yetu: wauguzi wengi hawapati mshahara wa serikali, wengine wanapata primu ya hatari peke yake, na kituo kinaishi kwa pesa anayolipa mgonjwa. Mgonjwa asiye na pesa akija, mtumishi naye anarudi nyumbani mikono mitupu. Ndiyo sababu tulidhani, tunakubali mbele yenu, kwamba kufika mwezi wa Machi mlango huu ungefungwa.

Haukufungwa. Usiku taa iliwaka. Mama mkunga alipokea wazazi waliobebwa kwa tipoyi kutoka ng'ambo ya mto, wengine mvua ikiwa imewanyeshea njia nzima. Vijana wa chukudu, ambao kazi yao ni kubeba makala na viazi, walibeba wagonjwa bila kuomba franka. Mpishi wa kituo, ambaye hakuna mtu anayemtaja katika ripoti, alichemsha maji ya kusafishia vyombo kila asubuhi kwa kuni alizookota mwenyewe. Leo tunamtaja.

Hatusemi haya ili kusifu umaskini. Mtumishi wa afya ana watoto, na watoto wake wanakula kama watoto wengine. Ni haki yake alipwe, na tutaendelea kubisha hodi katika ofisi zinazohusika hadi jambo hilo lisikilizwe. Lakini haki hiyo isipofika kwa wakati, ni vizuri watu wajue ni nani aliyebaki kazini.

Kosa letu

Mwisho wa mwaka ni wakati wa kupiga hesabu, na mwenye kupiga hesabu aanze na deni lake mwenyewe. Sisi wa shirika tunalo deni kwenu.

Baada ya Kanyabayonga kuanguka, mwezi wa Juni 2024, wahamishwa walikuja wengi upande huu wa Lubero. Tulikuja na mradi wa matibabu ya bure. Tuligawa kadi. Mwenye kadi alitibiwa bila kulipa, na asiye na kadi alilipa. Kadi tuliwapa wahamishwa peke yao. Mwenyeji aliyekuwa amegawa nyumba yake na shamba lake kwa familia mbili za wahamishwa alifika na mtoto mwenye malaria, akaambiwa alipe. Aliangalia upande wa pili, akaona watu aliowalaza nyumbani kwake wakipita mbele yake na kadi mkononi.

Tulipanga hata foleni mbili. Tulidhani tunaleta utaratibu, kumbe tulikuwa tunapanda mbegu ya ugomvi katika uwanja wa hospitali. Mnakumbuka maneno yaliyosemwa. Mnakumbuka mawe yaliyorushwa juu ya mabati. Muuguzi wetu mmoja alitukanwa njiani kwamba yeye ni "muuguzi wa wageni". Mradi uliposimama, wengine walicheka wakasema, "Sasa nao walipe kama sisi."

Hayakuwa makosa ya wahamishwa, kwani wao hawakuomba kadi. Hayakuwa makosa ya wenyeji, kwani mtu anayegawa chakula chake ana haki ya kuuliza. Ni sisi tuliokuja na mpango uliokwisha kuandikwa, tukasahau kuwauliza wenye kijiji. Mbele ya wazee tunaomba msamaha.

Dawa ya ugomvi ule mliitafuta ninyi wenyewe. Kamati ya afya iliketi na rais wa kambi chini ya mti ule. Mkaamua foleni iwe moja. Mkaamua bei iwe moja, iwe ndogo, na iandikwe ukutani kwa herufi ambazo hata mtoto wa shule ya msingi anaweza kuzisoma. Asiye na pesa anaandikwa katika daftari la madeni, na anaweza kulipa kwa maharagwe, viazi au kazi ya mikono. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wageni wetu walipokea jembe kwa moyo mmoja: walichimba shimo la taka, walitengeneza paa la maternite, na walilima bustani ya mboga nyuma ya kituo. Leo wagonjwa wanaolazwa wanakula mboga za bustani ile, na hakuna anayeuliza mboga ni ya nani.

Siku ya chemchemi

Tukumbuke pia siku ya chemchemi, kwa sababu siku ile tulikuwa karibu kuzika watu.

Mwaka 2025 kipindupindu kilienea katika mikoa mingi ya nchi yetu. Hapa kwetu, mvua zilipoanza, watoto walianza kuhara, kwanza kijijini, kisha kambini. Neno likatoka sokoni kwamba wahamishwa wametia sumu katika chemchemi. Neno la namna hiyo linakimbia kuliko pikipiki. Vijana wakapanda wakiwa na fimbo na panga.

Rele wawili, mama mmoja wa kijiji na baba mmoja wa kambi, walisimama mbele ya chemchemi kabla ya mtu yeyote wa ofisi hajafika. Hawakuwa na silaha. Walisema tu, "Ngojeni muuguzi aje aangalie." Muuguzi alikuja. Aliwachukua vijana watatu wa kila upande, akapanda nao juu ya chemchemi. Huko juu waliona vyoo vya kambi. Waliona pia vyoo vya kijiji. Vyote vilikuwa juu ya maji, na mvua ilikuwa imeteremsha uchafu wa wote katika chemchemi moja.

Hapo hasira ilikosa mahali pa kukaa. Mzee wa kijiji aliomba maji yatiwe dawa ya klorini, akanywa yeye wa kwanza mbele ya wote, kisha rais wa kambi akanywa. Wiki ile vijana walewale waliokuja na panga walichimba vyoo vipya chini ya chemchemi, wa kambi na wa kijiji pamoja.

Akina mama, somo la siku ile lirudieni nyumbani: mtoto akihara, anakufa kwa kukauka maji. Chukua maji safi lita 1, tia vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, visiwe na kilima, koroga, mnyweshe kidogo kidogo, tena mara nyingi. Mtoto anayenyonya aendelee kunyonya. Wakati unamnywesha, njia ya kituo ishikwe, kwa kuwa maji haya yanampa muda wa kufika kwa muuguzi.

Tuliyojifunza wakati wa Ebola

Wengine watauliza kwa nini shirika la amani linashughulika na foleni na vyoo. Jibu tulilipata hapa hapa, katika nchi ya Beni, Butembo na Lubero.

Tarehe 1 Agosti 2018 Ebola ilitangazwa upande wa Mangina. Ilidumu hadi tarehe 25 Juni 2020. Katika Kivu ya Kaskazini, Ituri na sehemu ndogo ya Kivu ya Kusini, watu 3,470 waliugua, na 2,287 kati yao walikufa. Chanjo ilikuwepo, na watu zaidi ya 300,000 walichanjwa. Kilichokosekana kilikuwa imani ya watu.

Watu walikuwa wameuawa kwa miaka mingi, na magari hayakuja. Ebola ilipokuja, magari yalijaa barabarani. Watu walikuwa wakizika watoto kwa malaria na surua. Tangu mwanzo wa mwaka 2019 hadi Januari 2020, surua peke yake iliua zaidi ya watu 6,000 katika Kongo, wengi wao watoto wadogo. Mwezi wa Desemba 2018 uchaguzi uliahirishwa katika Beni na Butembo, na Ebola ikatajwa kuwa sababu mojawapo. Wengi wakaona ugonjwa ule kama siasa. Mwezi wa Februari 2019 vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa. Tarehe 19 Aprili 2019 Daktari Richard Mouzoko, aliyetoka Kamerun kuja kutusaidia, aliuawa kwa risasi katika hospitali huko Butembo.

Kitu kilianza kubadilika pale watu wa mtaa wenyewe walipopewa kazi ya kuzungumza na watu wao. Waliopona Ebola waliingia katika vituo, wakawabeba watoto ambao mama zao walikuwa wamelazwa, kwa sababu wao hawakuogopa tena ugonjwa ule. Mama aliyepona, akimshika mtoto wa jirani, alisadikiwa kuliko spika ya gari. Hilo tusilisahau. Dawa inafika kwa mgonjwa ikipita katika mikono ambayo mgonjwa anaiamini.

Mwaka 2018 Daktari Denis Mukwege wa hospitali ya Panzi, Bukavu, alipewa tuzo ya Nobeli. Hakupewa tuzo ya utabibu. Alipewa ile ya amani. Kwa hiyo muuguzi anayefungua mlango asubuhi asidhani kwamba kazi ya amani ni ya watu wanaokaa katika mikutano ya hoteli.

Masaa 72

Kuna jambo ambalo ni zito kulisema mbele ya watu, lakini tukinyamaza tutakuwa tumewasaliti akina mama.

Wanawake na wasichana wanashambuliwa wanapotafuta kuni na chakula mashambani. Aliyebakwa akifika kituoni kabla ya masaa 72, yaani siku tatu, kuna dawa zinazoweza kuzuia virusi vya ukimwi. Kila saa inayopita inapunguza nguvu ya dawa hizo. Akichelewa zaidi, bado aje, kwa maana kuna majeraha ya kutibu, kuna magonjwa mengine yanayotibika, na kuna mtu wa kumsikiliza.

Mwaka huu mama mmoja alikuja siku ya sita. Alikuwa amesikia jina la mwenzake likitajwa kwenye maji. Jina lile lilitoka katika orodha tuliyokuwa tumeiandika kwa ajili ya ripoti, tukaiacha mezani. Ni kosa letu tena, na hili linatuuma kuliko lile la kadi, kwa sababu siku ya sita hatukuwa na la kufanya kwa upande wa virusi vile. Tangu siku hiyo hatuandiki tena majina katika ripoti, na daftari la kituo linafungwa kwa ufunguo unaokaa kwa mtu mmoja. Waume, tunawaomba: mke au binti akipatwa na jambo hilo, msimfukuze. Msindikizeni. Aibu ni ya aliyefanya.

Tunayoomba kwa mwaka mpya

Kwa watumishi wa afya: endeleeni na foleni moja. Mgonjwa aulizwe anaumwa wapi. Kabila lake halihitajiki katika matibabu. Awe Mnande, Mhutu, Mhunde, Mnyanga au Mbuti, damu inayotoka katika kidonda ni ileile. Dawa zikifika, sanduku lifunguliwe mbele ya kamati na zihesabiwe kwa sauti. Watu wakiona sanduku likifunguliwa, neno la wizi halipati miguu.

Kwa viongozi wa wahamishwa: semeni ukweli juu ya idadi ya watu wenu. Tunajua kwamba kuongeza majina kwenye orodha kunatoka katika njaa. Lakini dawa zikipangwa kwa watu ambao hawapo, aliyepo ndiye anayekosa sindano. Na akina mama wawe na viti vyao katika kamati, wasiitwe tu kuja kupika siku ya mkutano.

Kwa wazee na wenyeji: mlitupokelea watu bila mkataba na bila mshahara. Tunaomba msiache. Wengi wa wageni hawa walikuwa na nyumba na ng'ombe, na wengine wenu mnajua njia ya kukimbia usiku mkiwa mmebeba mtoto mgongoni. Zamu inazunguka.

Kwa kila mwenye silaha, wa upande wowote, ambaye maneno haya yatamfikia: bunduki isiingie katika uwanja wa kituo cha afya. Katikati ya Novemba 2025, huko Byambwe, katika teritwari yetu hii ya Lubero, washambuliaji waliua hata akina mama waliokuwa wamelazwa. Waliolala kitandani kwa kujifungua hawana vita na mtu. Askari aliyejeruhiwa tutamtibu, kwa sharti silaha yake ibaki nje.

Nasi wa shirika tunaahidi machache ili tuweze kuyatimiza. Hatutaleta tena mradi bila kukaa kwanza chini ya mti pamoja nanyi. Hatutagawa kitu kinachowatenga wageni na wenyeji. Pesa ikipatikana tutasema kiasi chake, na ikikosekana tutasema siku hiyohiyo tunapojua, msije mkaisikia redioni.

Neno la mwisho

Ndugu watumishi, tunajua mnachoka. Kuna usiku ambapo mtoto anakufa mikononi kwa kukosa damu ya kumwongezea, na asubuhi inabidi mtu avae tena blauzi nyeupe na kuita, "Anayefuata aingie." Msibebe mizigo hiyo peke yenu. Tumekubaliana kwamba kila Ijumaa jioni watumishi wataketi pamoja kwa saa moja, bila ripoti na bila mgeni, kila mtu aseme kilichomlemea wiki hiyo. Anayelia alie. Kidole kimoja hakivunji chawa, na moyo mmoja haubebi vifo vya kijiji kizima.

Hatujui mwaka mpya utaleta nini. Tungependa kuwaambia kwamba vita vitakwisha na kila mtu atarudi kwake kuona kama migomba yake ingali imesimama. Hatuna uwezo wa kuahidi hayo. Tunachojua ni hiki: katika mwaka ambao pesa ilikoma na barabara zilikatika, mama mwenye uchungu wa kuzaa, akifika hapa usiku wa manane, alikuta mtu ameamka. Mtu huyo alikuwa mmoja wenu. Watoto waliozaliwa namna hiyo, wa kambi na wa kijiji, wako hapa leo migongoni mwa mama zao, nasi tunawasikia wakilia kwa pamoja huko nyuma wakati tunasema haya.

Kwa hiyo tusimalize kwa maneno mengi. Tuwasimamishe wauguzi, wakunga, rele, mlinzi na mpishi, tuwaone, tuwapigie makofi. Kisha tukale maharagwe ambayo akina mama wa kambi na wa kijiji wameyapika katika sufuria moja.

Tunawatakia nyote mwaka mpya wenye afya na amani.